Bangi Tunaiogopa, Miraa Tunaiachia Watoto

Fanya hivi. Simama hapo Griftu senta, uliza watu kumi kama wangemwachia mvuta bangi mtoto wao kwa masaa matatu. Kumi wote watakuangalia kama umechizi. Mmoja atakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Sasa badilisha neno moja. Uliza kama wangemwachia abti wao ambaye amekaa kwa mkeka tangu saa tisa, shavu limefura, thermos ya chai ya tangawizi iko kando, na anachana kangeta na mabeshte. Wengi hawataelewa hata mbona unauliza. Si huyo ndiye anakaa na watoto kila siku? Hooyo akienda sokoni, huyo si ndiye mtu mzima aliye nyumbani?

Najua mtu ataandika hapo chini kwamba miraa si bangi. Sawa, sijasema ni kitu kimoja. Swali langu ni lingine: huku kwetu Wajir, Garissa na Mandera, tulifikaje mahali ambapo jani moja linakupeleka jela na lingine linakaa na watoto wa watu? Hilo swali lina historia, na ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze mbali. Kuna maandishi ya zamani ya Ethiopia kuhusu vita vya mfalme Amda Seyon, miaka ya 1330. Adui yake alikuwa Sabr ad-Din, mtawala wa Ifat, dola la Waislamu. Katika hiyo stori, Sabr ad-Din anajigamba kwamba akishinda atauchukua mji wa mfalme na kupanda miraa hapo, kwa sababu Waislamu wanaipenda. Mwandishi alikuwa upande wa mfalme, kwa hivyo chukua na chumvi kidogo. Lakini angalia tarehe. Karibu miaka 700 iliyopita, jani hili lilikuwa tayari linahusishwa na watu wa upande wetu hadi adui anatumia kama matusi.

Baadaye linakuwa kitu cha wanachuoni. Harar, Yemen, pwani ya Wasomali, wanafunzi wa dini na mashekhe walikuwa wanatafuna ili wakeshe. Usiku mzima wa kusoma, usiku mzima wa dhikri, na usingizi ndio adui. Hapo ndipo mzizi wa heshima ya miraa ulipo, na ndiyo maana mpaka leo mtu mzima anaweza kukuambia bila kucheka kwamba anachana kwa ajili ya elimu. Kwa babu zake ilikuwa kweli.

Lakini hata wao hawakukubaliana. Mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya tariqa za Wasomali, wafuasi wa Qadiriyya wengi waliona miraa ni msaada wa ibada. Upande wa Salihiyya, tariqa ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, yule aliyepigana na Waingereza miaka 20, waliikataa kabisa. Kwa hivyo ukisikia kijana wa leo akisema mashekhe wote waliruhusu, au mwingine akisema wote waliharamisha, wote wawili wanakudanganya. Ugomvi huu una zaidi ya miaka 100 na uliwahi kufika hadi kwa damu, ingawa ilimwagika kwa sababu nyingine kubwa zaidi.

Bangi haikupata bahati hiyo. Huku kwetu haikuwahi kuwa na shekhe wa kuitetea, haina hadithi ya kukesha na kitabu. Inaonekana ni kitu cha kupita: inatoka Shashemene kule Ethiopia, inaingia kupitia Moyale, inaelekea Isiolo na Nairobi kwa lori. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga marufuku tangu 1914. Kwa hivyo babu zetu walipoanza kuijua, waliijua kama kosa la jinai. Miraa waliijua kama mgeni wa jioni. Nadhani nusu ya hukumu tunayotoa leo inatoka hapo, kwa nani alitufikia akiwa na sifa gani, wala si kwa nini jani linafanya ndani ya kichwa.

Wakoloni nao walijaribu miraa. Upande wa Somaliland ya Waingereza waliipiga marufuku 1921, na kufikia 1957 wakaachana na marufuku wakaanza kutoza ushuru. Aden walipiga marufuku 1957, mwaka uliofuata wakaondoa. Hapa Kenya msukumo mkubwa ulitoka kwa Gerald Reece, aliyekuwa msimamizi wa Northern Frontier District, ile NFD ya wazee wetu, kabla ya kuwa gavana wa Somaliland. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ikaweka sheria ya kudhibiti miraa. Kule Nyambene, Meru, wazee waliendelea na mila yao. Ukali ukaelekezwa Isiolo na kaskazini. Yaani jani lile lile, mlima ule ule, lakini ukiteremka nalo kuelekea kwetu linageuka kuwa hatari. Haikufanya kazi. Magendo yakachukua nafasi, na mwishowe sheria ikafa.

Kinachonigusa ni sababu walizotoa. Soma chochote kuhusu kipindi hicho: wanaongea uvivu, wanaongea wanaume kumaliza pesa, wanaongea utulivu wa mpaka. Mtoto hayupo. Hakuna mtu aliyeuliza nani anamwangalia mtoto wakati baba anachana. Na kusema ukweli, wakati huo pengine swali lenyewe halikuwa na maana, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Fikiria reer, familia ya kuhamahama na ngamia, karibu na Griftu miaka ya 1930. Mtoto wa miaka sita anaangaliwa na nani? Na kila mtu. Mama, ayeeyo, eeddo, dada mkubwa, jirani wa herio ya pili. Mzee mmoja akiwa na mirqaan, kuna watu wazima wanane wengine ambao macho yao yako wazi. Tena miraa yenyewe ilikuwa haifiki huko kila siku. Jani linaharibika haraka. Baada ya siku mbili hivi tangu likatwe nguvu yake imeshuka, kwa sababu ile kemikali kuu, cathinone, inavunjika jani likinyauka. Hakukuwa na Land Cruiser ya kukimbia kutoka Maua hadi Modogashe, Habaswein na Wajir usiku mmoja. Kwa hivyo kutafuna kulikuwa kwa mara chache, na usimamizi wa watoto ulikuwa wa watu wengi.

Vyote viwili vimegeuka. Jani sasa linafika kila siku, limefungwa kwa majani ya ndizi, bado bichi. Na watu wa kuangalia mtoto wamepungua.

Walipunguaje? Kwanza vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali ikakusanya watu kwenye vijiji vya ulinzi na mifugo ikaisha. Kisha ukame, mmoja baada ya mwingine, watu wakihamia karibu na visima na senta. Februari 1984 ikaja Wagalla. Wanaume wa Degodia walikusanywa kutoka sehemu mbalimbali za wilaya ya Wajir na kupelekwa uwanja wa ndege, na waliouawa hadi leo serikali na manusura hawakubaliani idadi: serikali ilisema 57, manusura wanahesabu mamia, wengine maelfu. Nyumba ngapi za Wajir zilibaki na watoto bila baba? Hao watoto walilelewa na watu. Abti, eeddo, jirani, msikiti. Kwetu, kulea mtoto wa mwenzako si huduma ya kulipia kama ya Nairobi, ni jinsi tulivyopona.

Halafu shule. Kwa sababu wazazi wanahama, serikali ilijenga shule za bweni za msingi za bei nafuu sehemu kame, na mtoto wa miaka minane akaanza kulala mbali na mamake, akiangaliwa na matron, mlinzi na mwalimu. Wengine wanaachwa senta kwa jamaa ili wasome. Na kabla ya hayo yote kuna dugsi, alfajiri, watoto na mbao zao za loox na wino wa mkaa, maalim mmoja na watoto wengi.

Kisha tukapoteza walimu. Novemba 2014, Al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera wakaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo ya Krismasi. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Februari 2018, walimu waliuawa Qarsa, Wajir Mashariki. Januari 2020, walimu watatu Kamuthe, Garissa. Tume ya walimu, TSC, ikahamisha walimu wasio wenyeji, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuwalaumu walioondoka. Lakini darasa halikai tupu. Nafasi zikajazwa na vijana waliomaliza kidato cha nne, walioajiriwa na bodi za shule kwa pesa kidogo au wanaojitolea tu. Hawa ni mabeshte zetu, wengine ni nyinyi mnaosoma hii posti. Walibeba shule mgongoni wakati hakuna mwingine, na nawapa heshima zao. Lakini hakuna aliyewafunza, na hakuna aliyewaambia sheria za kukaa na mtoto wa mtu.

Mwalimu wa TSC ana kanuni za maadili. Akija kazini amelewa, pombe au dawa, kuna mahali pa kumshtaki na anaweza kufutwa kwenye rejista. Maalim wa dugsi hana rejista hiyo. Matron hana. Dereva anayebeba watoto ana sheria ya barabarani, ambayo inakataza kuendesha gari ukiwa umezidiwa na pombe au dawa, lakini aulizwe na nani huko Arbajahan? Abti kwenye mkeka hana chochote.

Sasa angalia sheria zetu zilivyo na kichekesho. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta sigara kwenye makao ya watoto, na hata kwenye nyumba ambamo watoto wa watu wanatunzwa. Soma tena hapo. Sigara, ambayo haigeuzi akili ya mtu, imeshakatazwa pale mtoto anapolelewa, na ilikatazwa wakati wengi wenu mlikuwa bado mnanyonya. Sheria ya vileo ya 2010 inaweka mita 300 kati ya baa na shule. Bangi ni kosa popote. Sheria ya 1994 iliweka hadi miaka 10 jela kwa misokoto yako mwenyewe kabla ya kurekebishwa 2022. Miraa? Tangu 2016 ni zao rasmi la biashara chini ya sheria ya mazao, kama chai. Unaweza kuichana mbele ya dugsi nzima na hakuna mstari umevuka.

Sheria ya watoto yenyewe, ile ya 2001, ilimlinda mtoto asitumie dawa za kulevya na asitumwe kuziuza. Vizuri. Lakini macho yake yako kwa mdomo wa mtoto. Mtu mzima aliyekaa naye, kichwa chake kiko wapi, hapo sheria ilinyamaza.

Twende kwa hoja ya wachanaji wenyewe, kwa sababu ina nguvu kuliko wapinzani wanavyokubali. Wanasema: bangi inakufanya uzubae, miraa inakuamsha. Nani bora kukaa na mtoto, aliyezubaa au aliye macho?

Kwa bangi wako sahihi. THC inachelewesha mwili kujibu, inachezea kumbukumbu ya karibu na hesabu ya muda. Mtoto wa miaka miwili hahitaji dakika kumi kufika kwenye jiko la mkaa au birika la maji. Anahitaji sekunde chache tu. Mtu ambaye dakika kwake zimenyooka kama lami ya Garissa hawezi kumshika. Hapo sina ubishi, na wale wanaosema bangi inawafanya wawe wapole na watoto, nawaambia upole si macho.

Lakini mchanaji anakupa hesabu ya nusu ya siku tu. Ndiyo, masaa ya kwanza yuko macho, anaongea, ana mipango ya kujenga ghorofa Eastleigh. Lakini macho yake yako kwa nani? Yako kwa mjadala. Ukikaa kwa maskani ya kuchana unajua: mtu anaweza kuongea siasa za ukoo masaa matatu bila kugeuza shingo. Halafu jani linaisha. Usingizi hauji hadi usiku wa manane au zaidi, roho inashuka, kila kelele inaudhi. Na kelele ni nini kama si watoto? Asubuhi, mtoto ameamka saa kumi na mbili, mtu mzima amelala kama gogo hadi saa nne. Swali si kama alikuwa macho saa kumi jioni. Swali ni nani alikuwepo saa mbili asubuhi. Kwa shekhe wa Harar aliyekesha na kitabu hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu watoto hawakuwa wake kuwaangalia. Sisi tumerithi ruhusa yake tukaipeleka kwa kazi tofauti.

Wa kwanza kulisema hili kwa sauti hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama. Uingereza ilikuwa inaruhusu miraa hadi Juni 2014. Ilikuwa inatua Heathrow kutoka Nairobi ikiwa bado bichi. Baraza la wataalamu lililoshauri serikali lilisema Januari 2013 kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kupiga marufuku. Theresa May, akiwa waziri wa mambo ya ndani, akapiga marufuku hata hivyo. Wakulima wa Meru walilia, na nawaelewa. Lakini kati ya waliokuwa wakilalamika miaka mingi kabla walikuwa wanawake Wasomali wa huko, na malalamiko yao hayakuwa ya kemia. Walisema mume yuko mafrish usiku kucha, analala mchana kutwa, na watoto ni wangu peke yangu. Wataalamu walipima madhara kwa anayetafuna. Wao walikuwa wanapima kwa aliyeachwa nyumbani.

Mtu atasema basi tupige marufuku na hapa. Siungi mkono. Tumeona filamu hiyo. Waingereza walijaribu kaskazini ikashindikana. Siad Barre alijaribu Somalia 1983, ikaendelea kwa magendo. Mahakama za Kiislamu zilijaribu 2006, wiki chache baadaye zikaondolewa mamlakani na jani likarudi. Na Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, akapiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Siku chache tu, Rais Ruto akakutana na viongozi wa Embu na kutangaza kwamba amri hizo hazina nguvu, kwa sababu muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Ukipigana na biashara unapigana na Embu, Meru na Ikulu kwa pamoja. Pia kumbuka wanaouza miraa huku kwetu wengi ni akina mama, wengine wajane, na karo ya shule inatoka kwa hiyo meza.

Kwa hivyo mimi nauliza kidogo zaidi na kikali zaidi. Usiguse jani. Gusa saa. Mtu mzima achane na roho yake, lakini si katika saa ambazo ameshika mtoto wa mtu mwingine, na si usiku wa kabla ya zamu yake. Hata nchi zilizolegeza bangi hazikusahau hilo. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliporuhusu bangi faraghani Septemba 2018, ruhusa haikufika kwa kuivuta mbele ya watoto. Tunawacheka ati wamehalalisha kila kitu, kumbe kwa hoja hii moja wametupita.

Na mlango uko wazi kisheria. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Namba 13 ni udhibiti wa dawa za kulevya. Hiyo ndiyo uwanja ambao Mombasa ilipigania ikakwama. Sasa panda hadi namba 9: elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Hiyo ni kazi ya kaunti, na haigombani na mkulima yeyote wa Embu. Bunge la Kaunti ya Wajir linaweza kuandika kwamba yeyote anayesimamia watoto wa watu kwenye chekechea au kituo cha kutunzia, awe na cheti au hana, asiwe ametumia pombe, bangi, miraa wala muguka akiwa kazini. Mistari michache tu. Dugsi na mabweni hayamo kwenye namba 9, huko itabidi kamati za misikiti na bodi za shule ziandike zao, na sioni kwa nini maalim anayejiheshimu atakataa.

Mwakilishi wadi wako ana ofisi na ana simu. Mpigie asubuhi. Ukimpata saa kumi jioni, angalia kwanza shavu lake.